Kilo 79 za pipi na daftari la mjomba

Pipi ile niliitia mdomoni kabla sijajua ninakula nini.

Ilikuwa Chicago, ndani ya Art Institute, jumba la makumbusho ya sanaa lililoko Michigan Avenue, lile lenye simba wawili wa shaba mlangoni. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi huko na familia yake. Siku hiyo alikuwa kazini, akaniachia mwanawe wa miaka saba nishinde naye. Mimi ni mtu wa Kagera. Nimekua nikiona ziwa lisiloonyesha ng'ambo kila tuliposhuka Bukoba mjini, kwa hiyo Ziwa Michigan halikunitisha kwa ukubwa. Upepo wake ndio uliotukimbiza ndani.

Mtoto alivumilia michoro kama saa nzima, kisha akaanza kuburuta miguu. Tukaingia chumba kimoja cheupe, karibu kitupu. Kwenye kona, sakafuni, palikuwa na rundo la pipi. Pipi za dukani, kila moja imefungwa kwa karatasi linalong'aa: nyekundu, bluu, kijani, dhahabu, fedha. Zilikuwa zimemwagwa zikaegemea pembe ya kuta mbili, juu zimechongoka, chini zimetambaa sakafuni. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kahawa. Ndivyo kahawa ya maganda inavyokaa ikimwagwa kwenye pembe ya ghala, kabla haijatiwa guniani.

"Mama mkubwa, tunaruhusiwa kuchukua!"

Alikuwa ameshamuuliza mlinzi, mama mmoja wa makamo aliyekaa mlangoni na sare yake. Nikamtazama yule mama nikidhani mtoto amesikia vibaya, maana tangu asubuhi tulikuwa tukiambiwa tusisogee, tusiguse. Akatikisa kichwa kukubali, akainua kidole kimoja. Moja moja. Mtoto akachagua ya bluu, akachukua muda mrefu kuichagua. Mimi nikainama nikaokota nyekundu iliyokuwa pembeni kabisa, ili nisiharibu umbo la rundo. Nikaifungua, nikaitia mdomoni.

Ndipo nikasogea kusoma kibao cha maelezo. Msanii: Felix Gonzalez-Torres. Mwaka: 1991. Jina la kazi: "Untitled", yaani kazi isiyo na jina, kisha yakafuata mabano, na ndani ya mabano maneno yanayosema kwamba hii ni picha ya Ross akiwa Los Angeles. Chini yake, mahali ambapo kwa kawaida huandikwa rangi ya mafuta au shaba, paliandikwa pipi, na uzito unaokusudiwa: pauni 175. Nikageuza kichwani. Karibu kilo 79.

Nilibaki nimesimama. Picha ya mtu isiyo na macho wala pua, ina uzito tu. Na watu wanapita, kila mmoja anaondoka na kidogo, na mtu yule anapungua.

Hakuna aliyenieleza. Sikuwa nimesoma habari za huyo msanii hata siku moja. Lakini mimi nimetoka mahali ambapo, nilipokuwa mtoto, watu walipungua hivyo hivyo mbele ya macho yetu, na hakuna aliyesema kwa nini. Utamu ulikuwa bado uko ulimini. Nikauma pipi ikavunjika.

*

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, mwaka 1983. Sisi watoto hatukulijua neno hilo. Watu wazima walisema "Juliana". Lilikuwa jina la nguo, nguo za kisasa zilizokuja na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, na ugonjwa ulipoonekana kuandamana na wale wenye fedha na safari, ukapewa jina la nguo zao. Waganda wenyewe kule ng'ambo waliuita "slim", wembamba. Majina yote mawili yalikuwa ya kuzungukia. Moja lilitaja nguo, jingine lilitaja namna nguo inavyoanza kumpwaya mtu.

Mjomba wangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa kijijini kwetu. Msimu ukifika, wakulima walipanga magunia yao nje tangu alfajiri, naye ndiye aliyesogeza kile chuma kidogo kwenye mkono wa mizani, taratibu, hadi mkono utulie, kisha akatamka kilo kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Alikuwa mtu mnene kiasi, mwenye mabega, na alikuwa na sauti. Wakulima walimwamini kwa sababu alikuwa hatamki mpaka mkono umetulia kabisa. Nimeona makarani wengine baada yake. Hakuna aliyekuwa na subira ile.

Alipoanza kuugua aliendelea na kazi. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa, na jioni nilikuwa natumwa na bibi nimpelekee uji pale ghalani. Jioni moja nilimkuta amesimama juu ya ubao wa mizani, amevua viatu, amenyoosha mkono anasogeza chuma. Alishtuka kuniona. Akasema, "Naipima mizani. Sijipimi mimi." Nikamwamini. Kwa akili yangu ya kitoto ilikuwa sawa: mizani nayo lazima ipimwe, vinginevyo utajuaje kama inasema kweli? Nikamkabidhi uji wake.

Alifariki 1988. Nyumbani walisema kifua. Tukalala kwenye nyasi siku za matanga, kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwa kila aliyekuja. Kwetu Wahaya mgeni hupewa akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa. Unachukua punje mbili tatu kwenye kikapu kidogo, unatia mdomoni, unakaa. Husemi kitu. Siku zile nilikuwa mimi ninayebeba kikapu, nikizunguka kwa waombolezaji mmoja mmoja, na nakumbuka nilikuwa na hofu kwamba kitaisha kabla sijawafikia wote.

Baada ya arobaini wakafungua sanduku lake. Nguo, cheti cha ubatizo, redio isiyo na betri, na daftari la shule la kurasa arobaini. Daftari lilikuwa tupu isipokuwa ukurasa wa mwisho, na ukurasa ule ulikuwa na safu moja ya namba, moja chini ya nyingine. Hakuna tarehe wala jina, hata kichwa cha habari hakuna.

Babu aliposomewa akasema ni deni. Mwanawe alikuwa ameshika mizani ya watu miaka kumi na moja. Bila shaka kuna wakulima aliowapunja kwa bahati mbaya, au aliowakopa kilo, na hakutaka kufa bila kuandika. Babu akafunga safari hadi kwenye chama, akawauliza watu mmoja mmoja hadharani kama marehemu alikuwa anadaiwa. Hakutokea mtu. Hakuridhika, mpaka anafariki alikuwa akiamini kuna mtu mahali fulani aliyemwonea haya. Mama yangu alisema ni fedha, maelfu yaliyofupishwa, akiba aliyoweka kwa mtu. Kaka yangu, ambaye alikuwa tayari sekondari, alisema ni kilo za kahawa tu, ni karani huyo, karani ataandika nini kingine?

Kila mmoja aliona kile alichokuwa amebeba. Babu heshima ya jina lake, mama umaskini wetu, kaka akili yake ya shule. Mimi sikuulizwa. Na hata ningeulizwa, ile jioni ya ghalani ilikuwa imeshafutika, au nilidhani imefutika, mpaka siku niliposimama mbele ya rundo la pipi upande mwingine wa dunia.

*

Usiku ule mdogo wangu aliporudi kazini nilimwomba kompyuta yake nikasoma hadi saa nane.

Felix Gonzalez-Torres alizaliwa Cuba mwaka 1957, akapitia Puerto Rico, akaishia New York. Ross Laycock alikuwa mpenzi wake, mwanaume mwenzake, na alifariki kwa UKIMWI mwaka 1991, mwaka uleule wa zile pipi. Msanii mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huohuo Januari 1996, akiwa na miaka 38. Mwaka huohuo ndipo dawa za mseto zilipoanza kuwainua wagonjwa katika nchi tajiri.

Nilisoma pia habari za kazi zake nyingine. Kuna saa mbili za ukutani, za kawaida kabisa, zinazotundikwa bega kwa bega zikiwa zimewekwa dakika moja na sekunde moja. Zinaanza pamoja, lakini betri hazilingani, na kidogo kidogo moja inamwacha mwenzake nyuma. Kuna picha ya kitanda kilichotandikwa shuka jeupe, mito miwili ikiwa na mabonde ya vichwa vilivyokwisha kuondoka. Mwaka 1992 picha hiyo ilibandikwa kwenye mabango makubwa ya barabarani sehemu 24 za New York, bila neno hata moja. Mtu aliyekuwa akisubiri basi aliinua macho akaona kitanda. Mwenye talaka aliona chake, mwenye msiba aliona chake, na aliyechelewa kuamka pengine naye aliona chake.

Kilichonikamata zaidi ni namna pipi zinavyotunzwa. Makumbusho hayana zile pipi za mwaka 1991, zililiwa zamani. Kinachomilikiwa ni hati na maelekezo. Pipi hununuliwa upya. Anayeonyesha kazi ndiye anayeamua zimwagwe vipi, kwenye kona au zitandazwe, na anayo hiari ya kuongeza zinapopungua, au kuziacha ziendelee kupungua. Msanii aliwaachia wengine uamuzi huo kwa makusudi, akasema bayana kwamba bila watu kazi yake si kitu, watu ndio wanaoikamilisha.

Nikalifikiria lile la kuongeza. Kwetu dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Nilikuwa Bukoba likizo mwaka uliofuata, nikawaona watu waliokuwa wamebaki mifupa wakirudi, kilo kwa kilo, kila mwezi mizani ya kliniki ikipanda kidogo. Jirani yetu mmoja aliyekuwa ameshagawa nguo zake alizidai tena. Sasa ninapofikiria mfanyakazi wa makumbusho anakuja asubuhi na boksi, anapima, anaongeza pipi mpaka rundo lifikie tena kilo 79, naona kliniki. Gonzalez-Torres hakuweza kuliona hilo. Alikufa kabla. Alipoandika kwamba rundo linaweza kujazwa, pengine alikuwa akitamani, pengine alikuwa akikumbuka, sijui alikuwa na nini moyoni. Lakini maana ile ipo pale sasa, na haikuingizwa na yeye. Iliingizwa na watu waliopona.

Hili ndilo nililojifunza kwanza, na lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba kazi ya sanaa ina ujumbe, na mtihani utauliza ujumbe huo ni upi, na mwalimu ana jibu.

*

Siku tatu baadaye nilirudi peke yangu. Nilikaa kwenye benchi la chumba cha pili, mahali ambapo niliweza kuiona ile kona, na nikatazama watu.

Wengi walipita bila kusimama. Vijana wawili walijaza mifuko wakakimbia, mlinzi akawaita lakini hakuwafuata. Mzee mmoja alisoma maelezo yote, akavua kofia, akaondoka bila kuchukua. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni alichukua mbili, akafungua moja, ya pili akaiweka kwenye mkoba, ndani kabisa, mahali mtu anapoweka hela. Baba mmoja aliwaambia wanawe, kwa Kiingereza changu nilivyosikia, kwamba haya ndiyo mambo ya siku hizi, mtu anamwaga peremende wanaita sanaa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anatafuna.

Sikumdharau baba yule. Siku ya kwanza nami nilikula bila kujua. Na nadhani msanii alimhitaji yeye kuliko alivyonihitaji mimi, kwa sababu mwili wa Ross ulipungua hivyo hivyo, katikati ya watu waliokuwa na shughuli zao, wasiojua kwamba kuna kitu kinaisha. Hata kutojua kwake kulikuwa sehemu ya kazi. Nikawaza kuhusu kijiji chetu, wakulima waliokuja na magunia wakasimama mbele ya mjomba msimu mzima, wakamwona shati linampwaya, wakasubiri atamke kilo zao.

Rafiki zangu hapa Dar es Salaam nilipowasimulia, mmoja aliuliza: basi kila mtu anaweza kusema lolote? Mimi nikisema pipi zile ni sukari inayoua watu kwa kisukari, nitakuwa sawa?

Nilimjibu kwa kanga, kwa kuwa sina njia nyingine nzuri zaidi ya kulisema jambo hili. Jirani yetu alitoka siku moja kwenda sokoni amejifunga kanga yenye jina *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*. Kufika jioni, mwanamke mmoja wa mtaa alikuwa amenuna, akiamini amesemwa kwa ajili ya mume wake. Wa pili alikuwa amefurahi, akiamini ni kwa ajili ya yule wa kwanza. Wa tatu, mjane aliyetapeliwa kiwanja, alikuja kukaa barazani kwa yule jirani mpaka magharibi, akisema kanga ile imesema alichoshindwa kusema yeye. Watatu wote walisoma maneno yaleyale manne. Lakini angalia: hakuna hata mmoja aliyesema kanga ile inahusu mvua. Maneno yalikuwa na mlango mpana, ila yalikuwa na kuta pia. Yalihusu kudhania, na kukosea mtu. Ndani ya kuta hizo kila mmoja alikaa mahali pake.

Rundo nalo lina kuta. Lina jina la mtu, hata kama ni ndani ya mabano. Lina uzito. Linatoa na linapungua. Anayeona kisukari na ale akifikiria kisukari, mwili unaoisha si jambo geni kwake. Lakini akitaka kukaa na kazi ile kwa muda, uzito utamrudisha kwenye swali: kwa nini kilo hizi na si nyingine, na Ross ni nani?

*

Hapa pana jambo ambalo limenisumbua zaidi ya mengine.

Mwaka 2022, baada ya mimi kurudi, palitokea mjadala huko Chicago kuhusu maelezo ya ukutani ya kazi hiyo. Maelezo mapya yaliyokuwa yamewekwa hayakumzungumzia Ross kama mpenzi wa msanii wala kuutaja UKIMWI. Uzito ulielezwa kuwa ni uzito wa wastani wa mwanaume mtu mzima. Wageni wakaandika kulalamika, magazeti yakalichukua, na makumbusho yakabadilisha maelezo, yakarudisha habari ya Ross na ya ugonjwa.

Wapo waliotetea ule ufupi. Walisema msanii mwenyewe alipenda kazi zake zibaki wazi, ndiyo maana akaziita hazina jina. Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipuuza. Ukimweleza mtu kila kitu kabla hajainama kuchukua pipi, umemnyang'anya ile safari ya kutoka utamu hadi ufahamu, na safari hiyo ndiyo niliyopewa mimi. Ningekuwa nimesoma kwanza, ningechukua pipi kama mtu anayechukua dawa.

Lakini nimekulia kwenye nyumba ya "kifua". Najua fumbo lilivyo na najua ficho lilivyo. Anayekufumbia amekupa kitu mkononi, kimefungwa, anakungoja ukifungue, na akikuona umekaribia anafurahi. Anayekuficha amekipeleka kitu mbali na anatumaini hutauliza. Yule mwanamke wa kanga alitaka kusomwa. "Juliana" ilitaka tusisome. Jina la Ross kwenye mabano ni mlango ulioegeshwa. Ukilisukuma, ndani yupo mtu aliyependwa, aliyekuwa na uzito huu, aliyekufa mwaka uleule wa kazi. Ukitoa mtu yule ukabaki na wastani wa wanaume wote, umepaka chokaa mahali palipokuwa na mlango. Hapo hakuna tena utata wa kumwalika mtazamaji. Ni ukuta.

Na niseme wazi, kwa kuwa naandika kwa ajili ya watu wetu: wengi nyumbani wakisikia kwamba Felix na Ross walikuwa wanaume wawili wataishia hapo, hawatafika kwenye pipi. Nami nililelewa na watu haohao, kanisa lilelile. Ila mimi niliingia kwa mlango mwingine. Nilimkuta Ross akiwa kilo 79 zinazopungua, kabla sijajua alimpenda nani, na nikamlilia kabla ya kufahamu hayo. Sikuona namna ya kuyarudisha machozi.

*

Nilipotoka makumbusho ile siku ya pili, Chicago ilikuwa mchana, kwa hiyo nyumbani ilikuwa usiku. Nilikaa kwenye ngazi, karibu na wale simba, nikampigia mama mdogo. Yeye ndiye aliyebaki kwenye kibanja cha babu, na ndiye anayetunza sanduku.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Za huko kwenye baridi?"

Tukasalimiana kwa kirefu, watoto, migomba, goti lake. Kisha nikamuuliza kama lile daftari la mjomba bado lipo. Akanyamaza kidogo. Akasema lipo, mchwa walianza kwenye jalada lakini alilipaka mafuta ya taa. Nikamwomba anisomee ukurasa wa mwisho.

Nilimsikia akisogeza viti, akitafuta miwani, akimwita mjukuu amulike tochi ya simu. Akasoma polepole kama anasoma Zaburi.

"Sabini na nne. Sabini na tatu. Sabini. Sabini tena. Sitini na sita. Sitini na moja. Hamsini na nane. Hamsini na tatu. Arobaini na tisa. Arobaini na sita."

Sikuweza kusema kitu. Mbele yangu mabasi yalikuwa yakipita, watu wanapiga picha na simba. Miaka zaidi ya thelathini namba zile zilikuwa sandukuni, na babu alizeeka akitafuta mtu wa kumlipa.

"Mama mdogo," nikamwambia, "ulikuwa ni mwili wake. Alikuwa anajipima."

Alikaa kimya kwa muda mrefu nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Alikuwa anajua, basi. Peke yake." Nikasikia anavuta pumzi. "Lakini mwanangu, bado kuna moja chini."

"Ngapi?"

"Sabini na mbili."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Arobaini na sita, kisha sabini na mbili, kisha basi.

Mtu aliyefika kilo 46 kwa ugonjwa ule, mwaka ule, hakurudi 72. Nikaanza kutoa kichwani: tofauti ni 26. Na hapo jioni nyingine ikanijia, au nilidhani imenijia, siwezi kuapa. Nimeleta uji. Mjomba yuko juu ya ubao wa mizani, safari hii hakushtuka. Ananiambia, "Panda na wewe." Napanda, ubao ni baridi chini ya nyayo, ananiwekea mkono begani, mkono hauna uzito wowote, na tunasubiri pamoja mpaka chuma kitulie. Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa ana kilo ngapi?

Nilimsimulia mama mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, "Hiyo ya mwisho itakuwa ya kahawa, mwanangu. Gunia la mtu. Aliandika mahali palipokuwa karibu na mkono wake."

Nikamwomba ampe mjukuu apige picha ukurasa ule anitumie. Ilifika usiku, nikiwa nimeshalala kitandani kwa mdogo wangu. Nikaikuza kwa vidole mpaka karatasi ikaonyesha nyuzi zake. Wino ni uleule. Mwandiko ni uleule, ila umelegea. Ile 72 imeandikwa kubwa kidogo kuliko zilizo juu yake, na mstari wa chini wa ile 2 ameuvuta hadi ukingo wa ukurasa.